Aliyemfundisha Mariamu Kulia

"Hakuna kati yenu aliyeiona filamu hii hata dakika moja, mmesimuliwa tu. Sasa nitie saini ya nini?" Mkunga aliisukuma barua ikarudi mbele ya mzee wa kanisa. "Sitii. Na nina lalamiko langu, liandikwe kwanza."

Barua ilidai kwamba filamu ya kuzaliwa kwa Yesu, iliyotengenezwa na vijana wa kwaya, imemdhalilisha Mariamu kwa kumwonyesha akijifungua kwa jasho na makelele. Mshonaji wa majoho, msichana aliyemwigiza, alitakiwa kuomba radhi mbele ya kanisa zima, la sivyo asikaribie meza ya Bwana. Alikuwa amekaa karibu na mlango, macho kwenye viatu vyake.

"Kelele zile nilimfundisha mimi," Mkunga alisema. "Alinifuata wodini akaniuliza uchungu unakuwaje. Nikamwonyesha pa kushika na pa kung'ata. Kama ni dhambi, aliyeipika ni mimi. Niandikeni."

"Mama, uchungu si tatizo," mzee alisema, kwa sauti ya kubembelezea watoto. "Tatizo ni heshima. Mama wa Bwana hawezi kulia kama hawa wanawake wa wodini."

Hapo damu ikamchemka Mkunga. Miaka ishirini na sita amepokea watoto. Wake wa wachungaji na wauza mkaa wamelia kilio kilekile mikononi mwake, na hajamwona hata mmoja aliyeacha heshima yake kitandani. Yesu alizaliwa penye mavi ya ng'ombe, na hilo wanaliimba kila mwaka kwa sauti nne. Leo jasho la mama yake ndilo linawatia kichefuchefu?

"Hawa wanawake wa wodini," alirudia taratibu. "Mkeo alipomzaa kifungua mimba wenu alilia mpaka akaniita mama yake mzazi. Wewe ulikuwa koridoni umezimia, mlinzi anakupepea kwa kofia. Mtoto nikamfunga mtandio wangu wa kanisani, maana begi la nguo ulilisahau nyumbani. Huu mwaka wa tisa naungoja, na ndilo lalamiko langu. Haya niambie, shemeji, siku ile mkeo alikosa heshima?"

Mtu alicheka nyuma, akajifanya anakohoa. Mzee alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

"Hapana," alisema mwishowe. "Hakukosa."

Akaikunja barua, mara mbili, akaitia mfukoni.

Jumapili mke wa mzee alikuwa mlangoni pa kanisa, mtandio mkononi, umepigwa pasi lakini rangi imekwisha.

"Niliona haya kuurudisha, dada. Wote wanne nimewafunga huo huo."

"Na uliwalilia wote?"

"Wote."

Mkunga alijitanda mtandio wake vilevile ulivyochakaa, akaingia, akaketi benchi moja na mshonaji, kungoja meza ya Bwana.