Kompyuta Nne za Verediana

Verediana alikuwa karani wa shule kwa miaka kumi na tisa, hadi asubuhi ile alipowasha kompyuta ya ofisi akakuta majina yote ya watahiniwa wa darasa la saba yametoweka. Mfumo endeshi uliokuwamo ulikuwa nakala ya wizi, uliowekwa na fundi mpita njia na haukusasishwa hata mara moja. Virusi viliingia, vikala kila kitu. Mkuu wa shule hakutaka maelezo. Lawama ilimwangukia karani, akaachishwa kazi.

Miezi miwili alijifungia nyumbani kwake Ujiji, akiona aibu hata kwenda sokoni. Aliyemtoa ndani ni Adolf, fundi kompyuta wa mtaa jirani wa Mwanga, aliyemletea mashine kuukuu aliyokwisha kuiwekea mfumo endeshi wa Linux.

"Huu ni mfumo huria, mama," alimwambia. "Unaruhusiwa kuunakili, kumgawia jirani, hata kuubadilisha ukiweza. Waliouunda hawafichi kilichomo."

"Na virusi?"

"Siwezi kukudanganya kwamba haviuwezi. Ila ukiusasisha, na ukaweka nakala ya kazi zako pembeni, hutalia tena kama ulivyolia."

Verediana alijifunza kwa hasira. Mwaka uliofuata alipanga chumba karibu na ufukwe wa ziwa, akakusanya kompyuta nne zilizotupwa na ofisi mbalimbali, akapata wanafunzi saba wa kuwafundisha. Anifa, muuza dagaa, alishika kipanya kana kwamba kitamng'ata.

"Nikiharibu je, dada?"

"Tutaupakia mfumo upya. Humu hakuna wa kukufukuza."

Wengine hawakudumu. Mmoja aliuliza mbona mfumo huu haufanani na ule wa benki; mwingine alisema cha bure lazima kina walakini. Wakabaki wanne.

Masika yale ziwa lilipanda kuliko watu walivyozoea. Lilimeza njia, kisha vibanda. Verediana alikuwa kijijini Kalinzi, akimzika dada yake, Anifa alipopiga simu.

"Dada, maji yamefika kwenye meza."

"Zitoeni mashine!"

"Ukuta umeshaanguka. Usikimbie, maliza msiba. Hakuna cha kuwahi."

Msiba ulipoisha, Verediana na wanafunzi wake walizitoa mashine tatu kwenye tope. Ya nne haikuonekana. Adolf alizifungua moja moja, akazifuta kwa kitambaa, akatikisa kichwa.

"Zimekwisha, mama. Linux ninayo kwenye flashi, naweza kukupa hata leo."

"Nikaiweke wapi?" Verediana alimuuliza.

Sasa Verediana anauza mkaa. Wanafunzi wawili walihama na familia zao, mmoja alivuka kwenda Kongo. Anifa pekee huongozana naye Jumamosi hadi Mwanga, Adolf akawaazima kompyuta yake wafanye mazoezi kwa saa moja, wateja wakiwa wachache. Saa ikiisha hurudi Ujiji kwa miguu.