Tuliomba mvua ya Saskatchewan mpaka baba mdogo akapiga simu tuache

Wakuu, shikamooni wakubwa zangu, na rika langu mambo vipi.

Mimi humu ni msomaji wa kimyakimya, leo nimejitosa. Haya yametokea kweli. Nimeyatoa kwenye daftari langu na chumvi sijaongeza.

Niko darasa la kumi na moja, tunaishi Etobicoke, huku ughaibuni. Nina aibu mno. Lifti ikifunguka nikakuta watu wawili ndani, nasubiri inayofuata.

Baba mdogo yuko Saskatchewan, jimbo la wakulima mbali na kwetu, anafanya kazi kwenye shamba la mzee mmoja wa kule. Mwaka huu mzee akamwambia, shamba la upande wa kusini chagua wewe cha kupanda, usimamie mwenyewe. Haijawahi kutokea.

Tatizo, theluji ilikuwa kidogo na udongo ulikuwa mkavu tangu mwanzo. Majirani wakapanda kanola, zao la mafuta ya kupikia, kama kawaida yao. Baba mdogo akachagua dengu.

"Kanola inakunywa maji kama ng'ombe," alituambia kwenye simu. "Dengu inavumilia kama watu wa Dodoma."

Mama ni mtu wa Dodoma. Akajibu, "Shemeji, hiyo nimeipokea kama sifa."

Mwezi wa tano mama akasimama kanisani kuomba tumwombee mvua. Ibada ya Waswahili tunafanyia ukumbi wa chini wa jengo letu.

Hapa lazima niwaeleze utaratibu. Ombi likiingia kwenye orodha halitoki mpaka aliyelileta asimame mbele, ashukuru. Orodha naandika mimi, kwa sababu nina mwandiko mzuri na sipendi kuongea.

Basi mwezi wa sita mama akapangiwa shifti za Jumapili. Ombi likabaki. Kila wiki naandika, "Mvua, Saskatchewan."

Na mvua haikuja. Mwezi wa saba baba mdogo alituonyesha kwa video kanola ya jirani, joto limeunguza maua, maganda ya mbegu machache. Dengu zake zilikuwa fupi kama kiganja.

"Zitatoa pungufu," akasema, "lakini zitatoa."

Mwezi wa nane zikakauka vizuri, mashine ikatiwa mafuta, akaanza kuvuna ukanda wa kwanza.

Ndipo mvua ikashuka. Siku tatu.

Mimi nilifurahi kwa kutojua. Kumbe dengu zilizokomaa zikilowa zinabadilika rangi, zikiendelea kulowa zinaota shambani. Mnunuzi anazipokea kama chakula cha ng'ombe.

Jumamosi simu ikaita, mama yuko kazini, nikapokea.

"Mwanangu, bado mnaniombea mvua?"

"Ndiyo, baba mdogo."

"Mpaka leo?"

"Mama hajasimama kushukuru."

Akacheka, halafu akaacha kucheka. "Basi kesho simama wewe. Hizi zikiharibika, mzee mwakani haniachii tena nichague."

Wakuu, nawaambia ukweli, nilichukua kifutio. Nilitaka kufuta ule mstari kimyakimya, nani angejua? Lakini Mama Furaha, yule mama wa Kikongo anayeongoza maombi, haangalii orodha. Yote anayo kichwani.

Jumapili nikasimama. 

"Ombi la mvua limejibiwa," nikasema. "Tunashukuru. Sasa naomba tuache, baba mdogo anataka kuvuna."

 Mchungaji akauliza taratibu, "Tuache kabisa au tupunguze?"

Watu wakaanza kucheka. Mama Furaha akanigeukia. "Binti, sisi tuliomba mvua. Tarehe hukutupatia."

Sijui nilitoa wapi ujasiri. "Basi naomba jua mpaka Jumamosi."

"Andika," akasema. Nikaandika.

Sisemi ni maombi, utabiri wa hali ya hewa nao ulishaonyesha. Ila Jumanne kulikauka, na ilipofika Ijumaa baba mdogo alikuwa amemaliza. Ukanda mmoja uliolowa zaidi ukawa wa ng'ombe kweli. Uliobaki ulipokelewa. Mzee akamwambia mwakani achague tena.

Baba, ambaye ni dereva wa lori, alipita kule akatuletea gunia. Tukazipika kwa nazi, sufuria mbili, tukashuka nazo ukumbini. Safari hii nilisimama kushukuru bila kutumwa.

Sasa, dengu zikiwa fupi mashine inakwangua chini kabisa, inazoa na changarawe. Sisi tulichambua kwa haraka.

Mama Furaha akatafuna, akaacha kutafuna, akatoa kijiwe mdomoni, akanitazama.

"Na mawe pia uliomba?"

Nilichojifunza: mkulima hataki mvua tu, anataka mvua ya wakati wake, na ikiwa haipo anachagua mbegu inayoweza kuishi bila hiyo. Na ombi likiwa lenu, msiwaachie wengine walibebe bila kuwaambia mmefika wapi.

Kijiwe nimekibandika kwenye daftari, ukurasa wa siku ile.

Wenyeji wa Dodoma na Singida, mvua ikigoma ninyi mnapanda nini? Nitasoma zote. Kujibu mnivumilie, bado nina aibu.