Shamba Ndani ya Chupa ya Jemu

Mjukuu wangu akisafisha tangi lake la kioo la samaki hapa Mumbuni, ile harufu ya maji yaliyolala hunirudisha utotoni. Niling'oa mmea bwawani, nikaupanda ndani ya chupa ya jemu yenye maji. Susu, yaani nyanya yangu, akautilia mbolea ya mbuzi, maana huyo hata maua ya kanisa aliyatilia. Majani yakavaa uteute wa kijani.

"Kesho nawamwagia kuku uchafu huu!" Susu akasema.

Nikapangusa jani moja moja kwa kidole, nikabadilisha maji, nikaiondoa chupa juani. Siku zikapita, likachomoza jani jipya, jembamba, safi, tofauti kabisa na yale ya bwawani.

Susu akaita majirani. "Aka! Njooni muone shamba letu!"

Letu!