Aliyesimama Halipwi

Bi Karibu hakupewa jina hilo na wazazi wake. Alipewa na wateja wa duka la vitambaa, alikosimama nyuma ya meza ya kupimia tangu usichana wake mpaka nywele zikaanza kuchanganyika na mvi, akikaribisha watu kwa sauti ambayo hata aliyekuwa anapita zake tu kukwepa jua aliona haya kutoingia. Mwenye duka, mzee bahili wa kupindukia, alikataza viti. Alisema mhudumu aliyekaa huonekana mgonjwa. Basi Bi Karibu akasimama, akasimama, mpaka magoti yakasema basi, na mzee akamuaga kwa mkono mmoja na kipande cha kitambaa.

Wakati huo yeye na mumewe, fundi viatu, walikuwa wanakaa ghorofa ya tatu. Ngazi zilimshinda. Kwanza alikuwa anashuka kwa kukalia kidato kimoja kimoja kama mtoto, kisha hata hilo akaliacha, dunia yake yote ikawa dirisha. Mtu aliyezoea kusalimiana na mji mzima, sasa anasalimiana na kanga zake kambani. Fundi viatu alikuwa akirudi jioni anamkuta ameshika tama, naye hajui la kumfanyia.

Kazi ya mtandaoni alitafutiwa na mteja wake wa zamani. Kampuni moja ya samani ilikuwa imefungua duka ndani ya mji usiokuwepo popote ila kwenye kompyuta, mji usio na vumbi wala mvua, ambao watu huuingia wakiwa majumbani kwao, kila mmoja akitembea humo kwa umbo lake la kuchorwa. Zilitakiwa sauti za kusimama mlangoni, zikaribishe wageni na kuwaonyesha vitanda na makochi, na mtu akipenda kitu huletewa cha kweli nyumbani. Lile umbo, wenye kampuni waliliita avata. Bi Karibu alimwita pacha. Alimchagulia gauni la kijani na miguu iliyonyooka, na siku ya kwanza alipomwona amesimama mlangoni bila kuegemea kitu, alilia, kisha akacheka, kisha akamkaribisha mteja.

Mumewe mwanzoni aliona ni michezo ya watoto. Mtu mzima anauza vitanda visivyolalika! Kila asubuhi, kabla hajabeba sanduku lake la vifaa, alikuwa akimuuliza, "Leo unafanya nini?" na mkewe humjibu, "Nasimama tu," wakacheka wote wawili, maana mwenye kujibu alikuwa amekaa kitako, mto mgongoni, miguu juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Mshahara ulipoanza kuingia, utani ulibaki lakini dharau iliondoka. Kwa fedha zile walihamia chumba cha chini, ambacho mlango wake umekaa sawa na barabara, na ambacho fundi viatu peke yake asingekimudu hata angetia soli viatu vya jeshi zima. Bi Karibu akaanza tena kutoka nje, gongo mkononi, kwenda kununua nyanya zake mwenyewe na kubishana bei mwenyewe. Alikuwa na raha ya kubishana bei, mama yule. Kazi ikipotea, chumba kinapotea, na ghorofa ya tatu inamsubiri.

Ndipo ulipokuja ujumbe wa kampuni: "Kuanzia Jumatatu, mhudumu aliyesimama hatalipwa."

Bi Karibu aliusoma, akaurudia, akamsomea mumewe huku uso umemchanua. Kumbe haki bado ipo! Miaka yote ile ya kunyimwa kiti, leo wametokea waungwana wa kukataza kusimama. Jumatatu akamkalisha pacha kwenye kochi la dirishani, miguu ameipishanisha kama mwenye nyumba. Wahudumu wenzake, waliozoea kumfuata kwa kuwa ndiye mkubwa wao kwa umri, nao wakakaa. Mteja akiingia anapokewa na watu waliojaa makochini kama wanaosubiri chakula, na Bi Karibu anamwita kwa mbali aje akae naye.

Mshahara ukaja nusu. Alipofungua ukurasa wake wa kazi aone kulikoni, akakuta nusu ya saa zake zimeandikwa neno moja: amesimama. Macho yakamtoka pima.

"Nilikaa," alimwambia mumewe. "Mwezi mzima nilikaa."

Fundi viatu alitaka kutania kwamba labda pacha ana miguu minne, akaumeza utani huo. Alimwona mkewe haangalii tena kompyuta, anaangalia dari.

Msimamizi wao alikuwa mwanamke kijana mwenye mtoto mchanga, na mara nyingi sauti ya mtoto ndiyo iliyotangulia ya mama. Bi Karibu alipompigia simu, alieleza kwa upole. Wakubwa wako mbali, hawajui Kiswahili, huandika kwa lugha yao na kompyuta ikatafsiri. Walichotaka kusema ni kwamba mhudumu asiyetembea wala kuongea na mteja amesimama, kama saa inavyosimama, kama kazi inavyosimama. Huyo halipwi, awe kakaa, kachuchumaa au kalala chali. Kusubiri hakuhesabiwi. Lugha aliyonyonya nayo Bi Karibu ilikuwa imempiga chenga mchana kweupe.

Wenzake walikuwa wameshapata ujanja. Ukiweka kitu kizito juu ya kitufe cha kutembelea, pacha atatembea mwenyewe kutwa, na kompyuta itaona mchapakazi. Fundi viatu akatoa kikopo chake cha misumari midogo, akakitua juu ya kitufe kwa uangalifu wa fundi. Pacha akatembea mpaka ukuta wa nyuma ya duka, akaendelea kuutembelea ukuta ule, hatua kwa hatua, uso umegusa rangi. Bi Karibu alivua visikilizi vyake masikioni akaenda kuinjika chai.

Aliporudi akavivaa, akasikia sauti ya mzee. Alikuwa dereva mstaafu aliyezoea kupita dukani hapo kupiga soga bila kununua. Leo alikuja kununua kitanda, kidogo, cha mtu mmoja, na alikuwa anaueleza mgongo wa pacha kwa nini cha wawili hakihitajiki tena nyumbani kwake. Alikuwa ameshafika mbali katika maelezo. Pacha alikuwa amempa kisogo, anatembea papo hapo ukutani.

"Nisamehe," mzee akasema, "naona leo una kazi nyingi."

Bi Karibu alikisukuma kikopo misumari ikamwagika chumba kizima. Akamgeuza pacha, akamketisha mzee, akamwomba radhi na kumpa pole, akamsikiliza mpaka mwisho. Baadaye fundi viatu alipiga magoti kuokota misumari mmoja mmoja, akisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kwa bahati katika ndoa hii anayeweza kuinama yupo. Mkewe hakucheka. Aibu ilikuwa imemkaa kifuani, na alisema wazi kwamba ni afadhali arudi ghorofani kuliko kumpa mtu mgongo tena.

Kesho yake alimwomba msimamizi aje dukani. Akaja kwa umbo lake, suti nadhifu, nyuma ya sauti yake mtoto analia. Shikamoo, marahaba, kisha Bi Karibu akakiri habari ya kikopo bila kuzunguka. Halafu akasema lake.

"Mzee wa vitambaa alininyima kiti, mwanangu, na sijamsamehe. Lakini mvua ikinyesha kutwa asiingie mtu, hakunikata hata senti. Alijua mlango ulio wazi lazima uwe na mtu. Ninyi mmenipa makochi mkaninyima kusubiri. Sasa yule baba akija, amkute nani?"

Msimamizi akasema kwa sauti ya chini kwamba hata yeye saa zake za kuwaangalia wao zinaandikwa hivyo hivyo, amesimama.

"Na wewe ndiye msimamizi," Bi Karibu akasema.

Wakaangua kicheko, kicheko cha watu waliopigwa kwa fimbo moja. Msimamizi aliahidi kuwaandikia wakubwa yeye mwenyewe kwa lugha yao, asiiachie kompyuta. Wahudumu wote wakaweka majina yao chini ya maneno yake: kusubiri kulipwe, la sivyo mlango wakaulinde wakubwa wenyewe. Vizito vikaondolewa kwenye vitufe siku hiyo hiyo.

Jibu lilichelewa. Jioni moja fundi viatu alirudi anahema, na njia ya kutoka kazini kwake haina mlima. Bi Karibu hakumuuliza alikokuwa. Alijua ngazi zile, na alijua mumewe amekwenda kuulizia kama chumba cha juu bado kipo. Alimpa maji ya kunywa, naye akanywa bila kumtazama.

Hatimaye ujumbe ukaja, mfupi kama ule wa kwanza, na kwa mkono ule ule wa kompyuta: "Wahudumu wote watalipwa kwa kusimama."

"Si ndiyo hiyo mliyoitaka?" mumewe akauliza.

Bi Karibu alitikisa kichwa. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kusimama kupi? Huenda wanawasimamisha kazi, na malipo yenyewe ndiyo kiinua mgongo. Alimpigia msimamizi.

"Mwanangu, kuuliza si ujinga. Tunalipwa kwa sababu tumeachishwa, au tunalipwa kwa kusimama?"

"Kwa kusimama, mama. Mlangoni, kusubiri watu. Kila saa. Nimewauliza kwa lugha yao, nikawauliza tena." Akavuta pumzi. "Ila ile nusu iliyokatwa wamekataa kuirudisha."

Bi Karibu alisema ile nusu waimeze na maji. Ndipo alipogundua kwamba yuko wima, mkono mmoja mezani, gongo liko upande wa pili wa chumba. Fundi viatu alisogeza kiti taratibu mpaka kikamgusa nyuma ya magoti, akamshika kiwiko mpaka alipokaa.

Asubuhi fundi alibeba sanduku lake, akasita kizingitini kama kawaida yake. Mkewe alikuwa ameshavaa visikilizi, miguu juu ya ndoo, na pacha wake wa gauni la kijani amesimama kwenye mlango mtupu.

"Leo unafanya nini?"

"Nasimama," alisema. Ile "tu" hakuitia.