Gari Lililotolewa Likiongoza

Asubuhi moja, kwenye duka la vipuri hapa Bariadi, mbele yangu alisimama mzee akizungusha beringi mpya karibu na sikio lake. Akaingia mwanamume mwenye kofia, akamwona, akasita mlangoni.

"Mwangaluka, mkuu," alimsalimu taratibu kwa Kisukuma.

Mzee aligeuka. "Dereva wangu!"

Walishikana mikono bila kuachiana. Katika mazungumzo yao nikaelewa kwamba zamani mzee alikuwa mkuu wa mafundi wa timu ya mashindano ya magari, na huyu ndiye aliyekuwa akiliendesha gari lao. Katika mbio zao za mwisho, wakiwa wanaongoza, gari liliingia kujaza mafuta. Mzee akasikia mlio mbaya kwenye gurudumu la mbele, akaamuru litolewe mashindanoni. Walipolifungua, hawakukuta kilichovunjika. Mwenye timu akamfukuza kazi, naye akarudi kwao Maswa kutengeneza matrekta ya wakulima wa pamba.

"Nilikutukana mbele za watu," dereva alisema, akivua kofia.

"Ulikuwa na uchungu. Hata mimi mpaka leo sijui kama nilikosea."

"Mkuu, nina wajukuu sasa. Sitaki kujua."

Mzee alicheka mpaka akajifuta machozi.

Nimeliwaza jambo hilo wiki nzima. Anayemtoa mtu kwenye ajali tunamwona, tunamshukuru. Anayeizuia isitokee hana cha kutuonyesha, isipokuwa mtu aliyezeeka salama, amesimama kaunta, anaulizia bei ya plagi.