Nyaraka Zilizolala na Samaki

Léonie Saulnier alifundisha historia miaka thelathini katika kijiji cha Waakadia, wazao wa Wafaransa wa kale, pwani ya Nova Scotia, Kanada. Mwenyewe husema aliwalaza usingizi watoto wengi kuliko mama yeyote wa pale. Jumamosi zake zote ziliishia katika chumba cha chini ya kanisa, alikotunza nyaraka za kijiji: vitabu vya ubatizo, mikataba ya mashua, kesi za kugombea mipaka.

Adui yake alikuwa moto. Alipiga marufuku sigara, mishumaa, hata birika la padri. Maji hayakumpitia akilini, naye kazaliwa anasikia mawimbi.

Machi moja bomba likapasuka. Alikuta masanduku yakielea kama bata. Akakaa kwenye ngazi, akajicheka kwa uchungu:

"Mtaalamu huyo! Kasoma balaa za watu wote, yake ikampita."

Hata hivyo alijua kwamba karatasi iliyolowa ikigandishwa mapema haioti ukungu. Ghala la baridi lilikuwa moja tu, la kiwanda cha samaki, na msimamizi wake alikuwa Anselme Deveau, ambaye zamani Léonie hakuchoka kumfukuza darasani. Akampigia simu.

"Anselme, vitabu vyangu vimelowa. Naomba nafasi kwenye baridi yako."

"Mwalimu! Leo wewe ndiye unaomba ruhusa?"

"Utanicheka baadaye. Lete gari."

"Sema kwanza nilikuwa mwanafunzi mzuri."

"Ulikuwa mzigo, Anselme. Njoo!"

Akaja huku akicheka, na wanawake wa zamu nzima, na makreti. Mababu wa kijiji wakalazwa kando ya samaki.

Kiangazi ikabidi vitabu vikaushwe ukumbini kwa feni, ukurasa baada ya ukurasa. Watu wakajitolea kufunua, na kufunua kukazaa kusoma.

"Kumbe babu yako alishtakiwa kwa wizi wa jogoo!"

"Na wako ndiye aliyemla!"

Ukumbi ukafurika. Léonie akainuka, akakohoa, akaanza kueleza sheria za mifugo za enzi zile.

"Mwalimu, kaa bwana," Anselme akamwambia. "Tunasoma."

Akaimeza hotuba yake, akakaa, akasogeza feni.

Siku hizi nyaraka ziko ghorofani, na zinanuka samaki kidogo. Mtafiti mgeni akikunja pua, Léonie humwambia hayo ni manukato ya mababu, kisha humfungulia dirisha.