Ilikuwa Inangoja Ruhusa

Mtaani walimwita Taratibu, kwa sababu ndilo neno alilokiambia kila chombo alichokifungua. Blenda ikiungua, atailaza kifudifudi juu ya taulo kuukuu na kuibembeleza: "Taratibu, mama, taratibu." Kibanda chake kilibanana kati ya kinyozi na duka la vyombo vya plastiki, rafu zimejaa pasi, feni na redio zinazosubiri zamu. Kinyozi alipenda kumtania kwamba anaongea zaidi na pasi kuliko anavyoongea na mkewe. Mkewe akasema huo si utani, ni ushahidi.

Lakini miaka ya karibuni kazi ilianza kumpandisha hasira. Vyombo vilikuja havina hata skrubu moja. Vimebandikwa kwa gundi, ukivifungua umevivunja. Mteja akisema, "Fundi, ubovu mdogo tu huu," yeye hujibu, "Mdogo, ndiyo. Ila wameujengea ukuta."

Kisha mama yake akaugua mapafu. Bi Mkubwa, kama nyumba nzima ilivyomwita, aliruhusiwa kurudi nyumbani kwa sharti la kutumia mashine ya oksijeni, nayo ndugu wakachanga wakainunua. Ilikuwa ya kijivu, kimo cha stuli, na ilipumua kwa sauti: kishindo kidogo, halafu pumzi ndefu. Ta, shhh. Ta, shhh. Bi Mkubwa aliiita mke mwenza.

"Halali, hanyamazi, na hatoki chumbani kwangu," alisema, mrija umemkaa puani. "Lakini akiondoka nami naondoka."

Asubuhi moja mashine ilipiga kelele ya onyo, ikazima. Dada yake Taratibu alikimbilia zahanati akarudi na mtungi wa oksijeni, mdogo, wa kuazima. Taratibu akagusa ubavu wa mashine. Ulikuwa wa moto kama pasi. Alijua palepale kwamba feni ya ndani imekufa. Ni kazi ambayo angeifanya huku akipiga soga na kinyozi.

Skrubu zilikuwa na vichwa vya nyota, na katikati ya kila nyota wameweka kinundu ili bisibisi isiingie. Akachonga bisibisi yake kwa tupa mpaka ikaingia. Ndani, feni ilikuwa imeganda kweli. Akaweka nyingine aliyoitoa kwenye kompyuta mbovu, akafunga, akawasha.

Kioo kikawaka. Kikaonyesha picha ya kufuli, na maneno: Wasiliana na wakala.

Akazima, akawasha. Kufuli. Akapiga simu kwa wakala wa kiwanda, aliyeko mji mwingine.

"Umeifungua?" sauti ya upande wa pili ikauliza.

"Nimeifungua, nimeitengeneza. Ni nzima. Nipe tu namna ya kuondoa hili kufuli."

"Hiyo haitolewi kwa simu, kaka. Mpaka mtu wetu afike na kompyuta yake."

"Mama yangu anapumulia mtungi."

"Pole sana. Nimekuandikisha."

Mshale wa mtungi ulikuwa unashuka. Kinyozi akaleta gari lake. Walipokuwa wanamwinua Bi Mkubwa kitandani, alimshika mwanawe mkono na kutabasamu kwa shida. "Redio za mtaa mzima umezitengeneza," alisema, akivuta pumzi kila baada ya neno. "Hii moja imekushinda?"

Alikuwa anamtania. Taratibu alijua anamtania.

Hospitali walimpokea vizuri, wakampa kitanda na oksijeni, lakini kesho yake alasiri akafariki. Daktari alimweka Taratibu pembeni. "Mapafu yalikuwa yameshachoka," alisema. "Hata kama mashine ingekuwa..." Hapo mtu akamwita, akaondoka. Kwa miezi mingi Taratibu alijaribu kuimalizia sentensi ile. Mara nyingine aliimalizia kwa namna ya kumfariji. Mara nyingi hapana.

Matanga yalikuwa yamekwisha mtu wa wakala alipobisha hodi. Alikuwa kijana mpole, shati limepigwa pasi, begi la kompyuta begani. Hakuna aliyekuwa na nguvu ya kumweleza, wakamwonyesha tu chumba. Akachomeka waya, akabonyeza hapa na pale. Kufuli likatoweka.

Ta, shhh. Ta, shhh.

"Feni umebadilisha mwenyewe?" akauliza. "Umeifunga vizuri sana."

"Kwa hiyo ilikuwa inafanya kazi?"

"Ilikuwa nzima. Ilikuwa inangoja ruhusa tu." Kijana akageuka, mrija mkononi. "Mgonjwa yuko wapi tumuunganishe?"

Dada aliyesimama mlangoni alitoa ukelele. Ndipo kijana akaliona godoro lililokunjwa. Akaomba radhi mara nyingi, akaondoka kinyumenyume. Mashine ikabaki inapumua katika chumba kitupu, na hakuna aliyethubutu kuizima mpaka umeme ulipokatika wenyewe.

Tangu hapo Taratibu aliisikia kila mahali. Mteja angemkuta ameinamia feni iliyokwisha kupona, sikio limeelekezwa kwenye mapanga yanayozunguka, macho yako mbali. Neno lake la taratibu likampotea kinywani. Alifungua vyombo kimya kimya.

Mwalimu mstaafu, jirani wa ukuta mmoja, alipoanza kuishiwa pumzi, dada ndiye aliyesema mashine apewe. Taratibu alikataa, akanuna, halafu akaibeba mwenyewe. Kuanzia siku hiyo ile sauti ikawa inapita ukutani.

"Tuhamishie kitanda upande ule?" mkewe akauliza.

"Kiache."

Siku moja mchana binti wa Mwalimu alikuja mbio kibandani. "Mjomba, mashine inalia!" Taratibu alifika na bisibisi ile aliyoichonga, akapiga magoti mbele ya mashine, kisha akaiweka bisibisi sakafuni.

"Fungua, fundi," Mwalimu akasema kutoka kitini.

"Nikifungua, lile kufuli litarudi."

Akachomoa sponji ya nje inayozuia vumbi, kitu pekee ambacho kiliruhusiwa kuguswa. Ilikuwa nyeusi tii. Akaisuuza kwenye sinki, akaikamua kwa taulo, akairudisha. Kelele ikanyamaza. Mashine ikaendelea kupumua.

Mwalimu naye akatulia, rangi ikamrudi midomoni. Akamgeukia jirani yake.

"Na siku tatizo likiwa ndani, Taratibu?"

Taratibu alivuta kigoda akaketi karibu na mashine, akakaa hapo mpaka jua likapungua dirishani. Binti aliyemletea chai alimkuta amefumba macho, kifua chake kikipanda na kushuka sawasawa na mashine.